Baraza na Bodi: Wanaojitolea Kuilinda Nchi ya Mara

Watu wa visiwani tulilijua neno baraza kabla ya kulijua neno bodi. Baraza kwetu ni jiwe lililojengwa mbele ya nyumba, mahali pa kunywea kahawa baada ya laasiri, kusikilizia habari na kujibizana kwa mashairi. Kisha likawa pia jina la mkutano wenye mamlaka, kwa kuwa waliokaa juu ya jiwe hilo ndio waliosuluhisha na kuamua. Bodi limetujia kutoka Kiingereza, na huko asili yake ni ubao, yaani meza inayozungukwa na wenye shughuli. Baraza liko nje, na kila apitaye humuona aliyekaa na husikia linalosemwa. Meza iko ndani, na mlango wake huweza kufungwa.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Katika miaka thelathini iliyopita, vikundi vingi vya kuhifadhi mazingira vimeundwa Tanzania, bara na visiwani, na kila kikundi kimehitaji watu wa kukaa katika kamati au bodi yake bila ya mshahara. Watu hao huitwa wanaojitolea. Makala haya yanakusudia kuitazama historia yao katika nchi iliyo mbali na bahari, nchi ya Musoma, Bunda na Butiama, mkoani Mara, ambako ziwa liko upande mmoja na mbuga ya Serengeti upande mwingine. Swali tunaloliuliza ni jepesi kulitamka, lakini zito kulijibu: anayejitolea kuilinda nchi, anatoa nini, na kilicho cha nani?

Tuanze Butiama, kwa majina ya watu. Mzee Burito, baba yake Mwalimu Julius Nyerere, aliitwa Nyerere kwa sababu alizaliwa, kwa hesabu ya jamaa zake, kiasi cha mwaka 1860, wakati nchi ilipovamiwa na viwavi. Na nyerere kwa Kizanaki ndio viwavi hao. Mwanawe alizaliwa mwaka 1922 siku ya mvua, akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Basi katika majina mawili, la baba na la mwana, imo hofu yote na tumaini lote la mkulima: mdudu alaye shamba na mvua ilioteshayo. Watu waliowapa watoto majina ya namna hii hawakuyaona mazingira kuwa ni jambo la wataalamu. Yalikuwa ndiyo maisha yenyewe.

Wazanaki wa kale hawakuwa na mfalme. Uchifu uliokamatwa na Burito kuanzia mwaka 1915 hadi alipofariki mwaka 1942 ulikuwa ni mpango ulioletwa na utawala wa kigeni. Kabla ya hapo mambo ya nchi yalikuwa mikononi mwa wazee, waombaji wa mvua na marika. Mwanahistoria Jan Bender Shetler, ambaye aliishi na kufanya utafiti Mara na kutoa kitabu chake juu ya kumbukumbu za Serengeti mwaka 2007, ameeleza jinsi rika lililoshika zamu miongoni mwa makabila ya Mara ya kusini lilivyokuwa likiizunguka nchi kwa miguu na kuiwekea kinga mipakani, ili maradhi, njaa na maadui visiingie. Nchi iliponywa kama mtu anavyoponywa. Wazee wa huko hawakumwachia mgeni peke yake kazi ya kusimulia: historia walizoziandika wenyewe zilikusanywa na kuchapishwa mwaka 2003.

Tazama, msomaji, namna kazi ile ilivyopangwa. Waliozunguka nchi hawakulipwa. Walikuwa wanajitolea, ikiwa tunataka kulitumia neno la leo, ingawa wao wenyewe wangelistaajabia, kwani hapakuwa na njia ya kuwa mtu mzima wa nchi ile bila ya kuizunguka. Zamu ilipokwisha, rika jingine likashika. Tena mipaka waliyoitembea ilikuwa yao. Walichokikataza walijikataza wenyewe kwanza. Hata leo pale Mwitongo, kitongoji cha Butiama alikozikwa Mwalimu Nyerere mwezi Oktoba mwaka 1999, upo msitu mdogo uitwao Muhunda, ambao umeheshimiwa kwa kuwa Wazanaki husimulia kwamba ni makao ya mzimu unaowalinda. Ulinzi wa msitu ule ulianza kwa adabu, kabla ya bwana misitu na daftari lake.

Wakati adabu hiyo ikiendelea, meza nyingine ilikuwa ikiandaliwa mbali kabisa. Tarehe 19 Mei mwaka 1900, mataifa ya Ulaya yenye makoloni yalitia saini mjini London mkataba wa kuwahifadhi wanyama wa Afrika. Mwaka 1903, humo humo London, ikaundwa jumuiya ya kuwalinda wanyama wa dola ya Kiingereza. Wanachama wake walikuwa mabwana wakubwa, wataalamu wa viumbe na wawindaji mashuhuri, hata waliowakejeli wakawaita wachinjaji waliotubu. Mabwana hao nao walijitolea: walitoa wakati wao, waliandika barua kwa mawaziri, walitoa fedha za mifukoni mwao. Hatuwezi kuwanyima sifa hiyo. Lakini walichokitoa zaidi kilikuwa cha wengine. Mtu wa Ikoma au wa Nata aliyekuwa akiwinda nyumbu ili watoto wapate kitoweo hakuwapo mezani, na wahenga walishasema, asiyekuwapo na lake halipo.

Matokeo yake yanajulikana. Mwaka 1951 Serengeti ikawa hifadhi ya taifa. Mwaka 1959 mipaka yake ilibadilishwa, Wamasai wakatakiwa kuiacha mbuga na kubaki upande wa Ngorongoro. Mwaka huo huo ndipo Bernhard Grzimek wa Frankfurt alipoitangaza Serengeti duniani kwa kitabu na filamu, baada ya mwanawe Michael kufariki kwa ajali ya ndege alipokuwa katika kazi ya kuwahesabu wanyama. Sadaka ya baba yule ni kubwa, na hapana haja ya kuidogosha. Hata hivyo, upande wa magharibi wa mbuga, katika ukanda unaoteremka kuelekea Ghuba ya Speke na Bunda ya leo, wapo wazee ambao waliendelea kuyataja majina ya vilima na visima vilivyobaki ndani ya mpaka, mahali walipozikwa babu zao, pasipoingilika tena ila kwa kibali.

Mwezi Septemba mwaka 1961, miezi mitatu kabla ya uhuru wa Tanganyika, ulifanyika mkutano mkubwa wa uhifadhi mjini Arusha. Mwalimu Nyerere, ambaye wakati huo alikuwa Waziri Mkuu, pamoja na Chifu Abdallah Fundikira na Bwana Tewa Saidi Tewa, waliweka saini zao katika tamko lililokuja kuitwa Azimio la Arusha la wanyama, ambalo watu wengi hulichanganya na lile la siasa la mwaka 1967. Maana ya tamko hilo ni kwamba viongozi wapya wanakubali kuwa wanyama na mapori ni dhamana mikononi mwao, na kwamba ili kuitimiza dhamana hiyo wanahitaji wataalamu, mafunzo na fedha kutoka nje.

Neno dhamana lina uzito. Mdhamini si mwenye mali, wala si mgeni wa mali. Ni mtu aliyepokea ili aje kukabidhi. Leo vyama vyetu vingi vina bodi ya wadhamini, na aghalabu wanaoteuliwa humo hawajiulizi neno hilo linawadai nini. Mtoto wa Butiama aliyetembea maili 26 kwenda shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, alikuwa akilijua jambo hilo kutoka pande zote mbili. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alipoieleza demokrasia ya Kiafrika, alipenda kutoa mfano wa wazee wanaokaa chini ya mti na kuzungumza mpaka wakubaliane. Lakini dhamana iliyopokewa Arusha ilikabidhiwa kwa idara, si kwa wazee wa chini ya mti. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 1974 iliendelea kumweka mwanakijiji nje, na mwaka 1994 Grumeti na Ikorongo, upande wa magharibi wa Serengeti, zikapandishwa kuwa mapori ya akiba. Serikali ilikuwa ya wananchi. Mpaka ulibaki ule ule, na pengine ulisogea mbele.

Mabadiliko yalianza kuonekana mwishoni mwa karne. Mwaka 1998 zilitoka sera mpya za wanyamapori na za misitu, zikakiri kwamba bila ya vijiji uhifadhi hauwezekani. Mwaka 2002 zikatungwa kanuni za jumuiya za hifadhi za wanyamapori, ambapo vijiji hutenga ardhi yao, huchagua wawakilishi, na hupata sehemu ya mapato ya utalii. Jumuiya ya Ikona, jirani na Grumeti, ni miongoni mwa zilizotangulia. Mwaka huo huo wa 2002 ilipitishwa Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, ikitaka kila shirika lisajiliwe na liwe na katiba. Kikundi cha kupanda miti kilichokuwa kikikutana chini ya mwembe sasa kikatakiwa kueleza kwa maandishi nani ni mwenyekiti, nani mweka hazina, na nani atajibu kikishtakiwa. Hivyo ndivyo meza ilivyofika kijijini.

Ziwani jambo hili lilichukua sura ambayo msomaji wa pwani ataielewa upesi, kwa kuwa kinachoitwa mwalo kule ni kile tunachokiita diko huku. Katika Ziwa Victoria sangara aliletwa na wakoloni katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa ile ya 1960. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameenea kila mahali, na furu, samaki wadogo wa aina nyingi waliokuwa kitoweo cha maskini, walipungua mno. Viwanda vya minofu vikafunguliwa Mwanza na Musoma, fedha ikaingia, na pamoja nayo zikaingia nyavu haramu na hata sumu. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia kwa muda samaki wa ziwa hilo kwa hofu ya sumu hiyo, na miji yote ya ziwa ikatambua kwamba uovu wa wachache usiku mmoja unaweza kufunga milango ya viwanda vyote.

Kuanzia mwaka 1998, kwa upande wa Tanzania, viliundwa vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi katika mialo, ambavyo watu wote wa ziwani huviita BMU, na mwaka 2005 nchi tatu zinazolizunguka ziwa zikakubaliana mwongozo mmoja. Kwa mujibu wa mwongozo huo, kila aliyesajiliwa mwaloni ni mwanachama, na wanachama huchagua kamati ya watu kati ya 9 na 15. Viti hugawanywa ili wenye mitumbwi wasivichukue vyote: wapo matajiri, kama wanavyoitwa wenye vyombo, wapo wavuvi wanaowafanyia kazi, wapo wachuuzi na mafundi wa nyavu, na wanawake wasipungue watatu. Jambo hili la wanawake si pambo. Wao ndio waanikao dagaa mchangani baada ya mitumbwi ya taa kurudi alfajiri, na wao ndio wa kwanza kujua kwamba dagaa wamekuwa wadogo kuliko mwaka jana.

Sasa tufikirie kazi ya mwanakamati huyu asiye na mshahara. Usiku anatakiwa ashiriki doria. Mchana aandike vyombo vinavyoingia, akague nyavu, asuluhishe ugomvi, ahimize vyoo vijengwe na mwalo usafishwe. Anapoliona kokoro likiburutwa ufukweni, wavu unaokusanya kila kitu pamoja na vifaranga vya samaki, analazimika kulizuia. Lakini nani mwenye kokoro lile? Huenda ndiye tajiri aliyemkopesha fedha za ada ya mtoto, au aliyesafirisha maiti ya ndugu yake kwa gari lake. Na wavutao kamba ni vijana wa mtaani kwake, wasio na shamba wala ng'ombe. Akinyamaza, amekisaliti kiti. Akisema, keshokutwa atahitaji msaada na hatakuwa na wa kumwendea. Ofisa wa serikali huhamishwa kwenda wilaya nyingine; mwanakamati hahamishwi. Atazikwa na hao hao aliowakamata.

Hapo ndipo ilipo hatari ya kujitolea, na wanaohamasisha watu kuingia katika kamati hizi mara chache huieleza. Mtu asiyelipwa, aliyepewa wajibu wa kukamata bila ya uwezo wa kuamua, ana njia mbili zilizo karibu: kuchoka akaacha, au kujilipa mwenyewe kwa kufumba macho. Imeonekana katika mialo mingi, Tanzania na kwa majirani zetu, kwamba kikundi huwa na nguvu pale tu kinapokuwa na mapato halali yanayojulikana na wanachama, na pale ambapo serikali humuunga mkono mwanakamati anapomgusa mkubwa. Pasipo mambo hayo mawili, kiti cha heshima hugeuka kuwa kibanda cha mlinzi wa usiku.

Bunda nayo ina mtihani wake. Tembo hutoka hifadhini na kuingia mashambani, na mahindi ya msimu mzima huweza kumalizika usiku mmoja. Wanavijiji hulinda kwa mioto, ngoma na kelele, na katika sehemu mbalimbali za nchi zimejaribiwa kamba zilizopakwa pilipili na mizinga ya nyuki iliyotundikwa mipakani. Wengi wa walinzi hao ni watu wa kujitolea. Kisha, katika miaka ya 2020, serikali iliamua kuitwaa ardhi ya kata ya Nyatwali, kando ya Ghuba ya Speke, ili wanyama wapate njia ya kufika ziwani, na suala la fidia ya wakazi likazungumzwa hadi bungeni. Mtu anaweza kuukubali umuhimu wa maji kwa nyumbu wakati wa kiangazi na bado akauliza: katika vikao vyote vya kupanga jambo hili, mwenye nyumba ya Nyatwali aliitwa kushauri, au aliitwa kuarifiwa? Kati ya maneno hayo mawili ndipo penye tofauti ya baraza na meza.

Tusidhani kuwa haya ni ya bara peke yake. Mwaka 1998, ule ule wa vikundi vya mwanzo vya ziwani, kisiwa cha Misali, Pemba, kilitangazwa kuwa eneo la hifadhi, baada ya wavuvi kuhofia kwamba kingechukuliwa na wenye hoteli. Chama cha wavuvi kiliundwa ili nao wawe na sauti katika uendeshaji. Wapemba husimulia kwamba kisiwa hicho kilipata jina lake kwa Nabii Khidhri, aliyetaka msala wa kusalia, na alipoukosa akasema kisiwa chenyewe ni mithili ya msala, kwa jinsi kilivyoelekea kibla. Walipokuja wataalamu na michoro yao, waliona kwamba mafundisho ya dini juu ya amana na israfu yaliingia masikioni mwa wavuvi kwa wepesi kuliko maneno ya ofisini. Muhunda na Misali, mmoja msitu wa Wazanaki, kingine kisiwa cha Waislamu, vimetenganishwa na imani na masafa, lakini vinashuhudia jambo moja: mahali hulindwa vizuri zaidi na watu ambao pana maana kwao kabla ya kuwa na thamani sokoni.

Lakini tusije tukaangukia kosa la kuyasifu ya kale kupita kiasi. Marika ya Mara yaliwaweka wanawake pembeni katika mengi, na adabu ya mzimu peke yake haiwezi kuizuia nyavu ya nailoni iliyonunuliwa kwa mkopo. Watu wameongezeka, samaki wana bei Ulaya na China, na Mto Mara, wenye urefu wa kilomita zipatazo 395, unaanzia katika milima ya Kenya na kupita katika mikono mingi kabla ya kulifikia ziwa karibu na Musoma. Hapana rika la kijiji kimoja linaloweza kuuzunguka mto huo kwa miguu. Ndiyo maana Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 ilizipa nafasi jumuiya za watumiaji maji, na ndiyo maana kila mwaka, kuanzia 2012, watu wa Kenya na Tanzania wamekuwa wakiadhimisha Siku ya Mara tarehe 15 Septemba. Meza zinahitajika. Katiba, mihutasari na vitabu vya hesabu vinahitajika pia, na mtu anayejua kuvitunza ni hazina katika kikundi chochote.

Linalohitajika ni kwamba meza itolewe nje ikawekwe barazani. Yaani hesabu zisomwe mbele ya waliochanga, na si mbele ya mfadhili peke yake. Yaani kiti kiwe na muda, kama zamu ya rika ilivyokuwa na muda, ili aliyechoka apumzike kwa heshima na kijana apate kujifunza wakati mkubwa wake yungali hai. Yaani anayekatazwa kuvua au kukata awe na mwakilishi wake katika kikao kilichotunga katazo, na mwakilishi huyo awe na haki ya kukataa, na kukataa kwake kuandikwe. Zaidi ya yote, anayetaka kujiunga ajue mapema kwamba anachokitoa ni usingizi wake, wakati wake na urafiki wa baadhi ya majirani zake, na kwamba hivyo ndivyo alivyo na ruhusa ya kuvitoa. Shamba la mwenzake, mwalo wa mwenzake na kaburi la babu wa mwenzake havimo katika sadaka yake.

Katika mialo ya Musoma, mwanamke aliyechaguliwa katika kamati huanika dagaa zake asubuhi, kisha huenda kikaoni na harufu ya kazi mikononi, na kikao kikimalizika hurudi kuzigeuza kabla jua halijashuka. Wenzake walioanika kando yake humuuliza kilichosemwa, naye hana budi kuwajibu, kwa kuwa kesho watakuwa pamoja kwenye mchanga ule ule. Hakuna kifungu cha katiba kinachoweza kumwajibisha zaidi ya hivyo.